Nilisema Baba

Juzi nilifungua kopo la iliki jikoni kwangu, nikasimama nalo mkononi hadi maji ya chai yakakaukia sufuriani. Harufu ile ilinikuta sijajiandaa. Kwa wengi wa rika langu, tuliokulia kwenye vilima vilivyo kati ya Masimba na Keroka, iliki ni harufu ya ugeni, ya chai iliyopikwa kwa sababu kuna mtu wa kuheshimiwa sebuleni. Kwangu ni harufu ya duka la Bi Zuhura, na ya mkono mdogo wa ndugu yangu uliofungwa kitambaa cha leso, na ya neno moja nililolitamka mbele ya kaunta ambayo kimo changu hakikuniruhusu kuona juu yake.

Hivi karibuni tulimzika mama yetu. Kwenye mazishi hayo lilisemwa jambo lisilo la kweli kuhusu baba yetu, kwa kipaza sauti, mbele ya umati uliojaa uani na kumwagika hadi shambani kwa jirani. Nilikuwa afisa wa watoto hadi nilipostaafu, na katika utumishi wangu wote sikuiacha taarifa yenye kosa ipite mezani kwangu bila kuisahihisha. Ningeona aibu kuiacha hii moja, ambayo ni ya nyumbani kwetu.

Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji maelezo kidogo kabla sijaendelea. Katika Ekegusii, mzazi wa kike huitwa baba. Mzazi wa kiume huitwa tata. Hivyo ndivyo tulivyoyanyonya maneno hayo, na mtoto wa Kigusii anayelia usiku akisema "baba, baba," anamlilia mama yake. Ajuaye Kiswahili ataona mara moja palipo na hatari. Mimi wakati huo sikukijua. Nilikuwa darasa la kwanza, na darasa la kwanza tulifundishwa kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili kilikuwa cha dukani, cha barabarani, na cha watu waliovaa sare.

Tata alikuwa kibarua katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho. Alirudi mwisho wa mwezi akiwa na mkate chini ya kwapa, na koti lake lilinuka majani mabichi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akituona tunamkimbilia njiani alichuchumaa, akafungua mikono, akangoja aangushwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Mama naye alikuwa mwimbaji. Alichuna chai akiimba nyimbo za Sabato siku zote sita zisizo za Sabato, na majirani waliokuwa mistari ya mbali walimjibu viitikio. Ukimya ulianza alipomzaa Moraa, kitinda mimba wetu. Kabla ya Moraa alikuwa amezaliwa mwingine ambaye hakukaa, na sisi watoto hatukuambiwa alikokwenda. Basi mama aliporudi na Moraa hakuimba tena. Alikaa ameupa moto mgongo, kichanga mapajani, akiutazama ukuta kana kwamba kuna mtu upande wa pili anayekawia kufungua. Mwenyewe nilikwisha kulitatua jambo hilo kwa akili zangu: niliamini kwamba hospitalini walifanya kosa, wakatubadilishia. Mtoto alikuwa wetu, kwa kuwa alikuwa na pua ya tata. Aliyebadilishwa ni mama. Nilingoja siku ambayo wangeligundua kosa lao na kuturudishia yule wa nyimbo.

Sasa ninafika mahali ambapo, kama ningekuwa bado kazini, ningeandika kwa kalamu iliyotulia. Ndugu yangu Onchari alikuwa bado hajaanza shule. Alikuwa na njaa. Alinyoosha mkono kwenye chungu cha ndizi kabla ya kuepuliwa, na mama akaushika mkono ule akaukandamiza juu ya figa la moto. Haikuwa ajali, na hakuteleza. Nilikuwepo. Aliushikilia muda ambao mtu mwenye akili zake hawezi kuushikilia, kisha akauachia, akautazama kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyechana leso akaufunga. Akampa Onchari sukari ailambe, akaniambia bila kunitazama, "Ameanguka." Hakuniomba nidanganye. Alinijulisha tu, kama mtu anayekupa habari za mvua.

Haikuwa mara ya kwanza kumuumiza, ila ilikuwa mara ya kwanza kuacha alama ambayo nguo haikuifunika.

Baadaye alinituma Keroka kununua chumvi na mafuta ya taa, nami nikamchukua Onchari kwa mkono wake mzima, kwa kuwa sikutaka kumwacha nyumbani. Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara kutoka familia za Kiislamu zilizokuwa mjini pale tangu enzi za babu zao, na duka lake lilinukia iliki, sabuni ya mche na magunia. Nilimpenda kwa sababu aliongea na watoto kana kwamba wana pesa zao wenyewe. Lakini Kiswahili chake kilinitatiza kwa jambo moja. Kila mwanamke aliyeingia kununua alimwita mama. "Karibu mama, nikupimie ngapi, mama?" Nikafahamu kwamba mama maana yake ni mteja. Na mwanawe mdogo, aliyekuwa akichezea mizani, alimwita baba: "Njoo baba, usijikate, baba." Alilitamka kwa upole uleule ambao sisi tulilitamkia nyumbani. Kwa hiyo sikuwa na shaka hata kidogo kwamba neno hilo ni letu sote.

Bi Zuhura aliliona tambara la leso, halafu akainama juu ya kaunta, akalinusa.

"Mwanangu, huyu kaumia nini?"

Onchari alijificha nyuma ya sketi yangu.

"Nani kamfanya hivi?"

Nilikusanya Kiswahili changu chote. "Ni baba."

"Baba?"

"Ee. Alishika mkono, akaweka kwa moto."

Aliweka kibaba cha sukari chini. "Baba yako mwenyewe? Aliyekuzaa?"

"Baba yangu," nikasema. Nilikuwa na hakika kabisa. Na kwa mara ya kwanza tangu Moraa azaliwe, nilihisi kwamba kuna mtu mzima ameshika upande wa pili wa mzigo.

Alitupitisha nyuma ya duka, akausafisha mkono wa Onchari, akaupaka asali, akaufunga upya kwa kitambaa safi. Alitupa chai ya iliki na mkate. Kisha akanishika mabega. "Sikiliza, Kwamboka. Hakuna atakayejua kwamba ni wewe uliyesema. Nitakwenda kwa wakubwa, na wao watakuja kwenu, na hawatawaacha mpaka mambo yatengemae. Umenielewa?" Nilielewa neno "watakuja". Lilinitosha.

Naomba hili liwe wazi, maana tangu hapo nimewasikia watu wakisema kwamba yaliyotupata ni malipo ya kupeleka mambo ya nyumba kwa wageni. Bi Zuhura alifanya alichopaswa kufanya. Alimwona mtoto aliyeumizwa, akauliza, akasikiliza, akafunga duka lake mchana, akavaa buibui lake, akaenda kutoa taarifa. Ningefurahi kama nusu ya watu wenye vyeo niliowahi kufanya kazi nao wangekuwa na miguu myepesi kama yake. Waliotusaliti ni wale waliopokea taarifa yake. Kituo chenyewe sitakitaja, wala cheo cha yeyote zaidi ya inavyohitajika. Wengi wao wamekufa, na waliobaki ni wazee kama mimi.

Walikuja mwisho wa mwezi, tata akiwa ndiyo kwanza amefika na mkate wake. Walikuwa wawili: askari mmoja asiye wa kwetu na naibu chifu, ambaye ni Mgusii kama sisi. Nilipowaona wakipanda kijinjia cha uani nilifurahi, na niseme ukweli, nilijivuna. Nilimvuta Onchari nikamsimamisha mbele ili wamwone vizuri.

"Wewe ndiye baba ya huyu mtoto?" askari alimwuliza tata kwa Kiswahili.

"Ndiyo, afande."

"Na hii nyumba ni yako?"

"Ni yangu."

"Haya. Twende."

Wakamfunga pingu. Nilidhani wanamchukua awaonyeshe njia. Niliwangoja wageuke waje kwa yule ambaye nilikuwa nimewaitia, aliyesimama mlangoni na Moraa kifuani. Hawakugeuka. Naibu chifu peke yake ndiye aliyebaki nyuma kidogo, akamwambia mama kwa Ekegusii, kwa sauti ya mtu anayetaka kuliwaza na kuchekesha kwa pamoja, "Usilie, ng'ina Kwamboka," yaani mama yake Kwamboka. "Ni huyu wako wa shule aliyemwambia mwenye duka. Umezaa mwerevu, huyu atakuwa wakili!" Akanipapasa kichwa, akaenda zake.

Hivyo ndivyo ahadi ya kwanza ilivyovunjwa, kwa mzaha, kabla vumbi la viatu vyao halijatua. Naye alikuwa anaijua lugha yangu. Angechuchumaa aniulize kwa maneno ya nyumbani, "Nani alimchoma ndugu yako?" angepata jibu ambalo halina utata kwa Mgusii yeyote. Angemwuliza tata alikuwa wapi mtoto alipoungua, angeambiwa Kericho. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Katika ua ule, waliojua kwamba anayekamatwa siye walikuwa wanne: mimi, mama, Onchari, na yule aliyekuwa na pingu.

Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena, hata na watu waliokuwa na sababu nzito zaidi. Hakunipiga. Aliacha tu kusema nami, na kwa msimu mzima wa mvua nilipokea maagizo ya kazi kupitia kwa Onchari, ambaye hakuwa na umri wa kubeba sentensi mbili bila kuiangusha moja.

Shuleni walijua tayari. "Kwamboka ameuza ise!" waliimba, yaani nimemuuza baba yangu. Mvulana mmoja wa darasa la pili alinifuata hadi mtoni. "Kwamboka, niuzie na wangu, ananichapa kila siku! Nitakupa miwa!" Wenzake walianguka kwa kicheko. Kanisani, benchi letu lilianza kuwa na nafasi. Hapakuwa na mzee wa kanisa aliyefika kuuliza tunakula nini sasa kwa kuwa mshahara wa Kericho umekatika, wala mama aliyefika kumshika Moraa ili mama yetu alale. Nyumba yenye kesi ilipitwa upande wa pili wa njia.

Nami niliwangoja. Bi Zuhura alisema watakuja na hawatatuacha, na kuja walikuwa wamekuja, kwa hiyo sehemu iliyobaki ilikuwa njiani. Kila jioni nilikaa kwenye ukingo wa barabara, mahali palipokuwa na banda la kupimia majani ya chai, nikimchunguza kila aliyevaa kaki. Karani wa chai alinizoea. "Unangoja nani, mama mkwe?" aliniuliza kwa utani. Nilimjibu kwamba nangoja serikali. Alicheka hadi akakosea mizani.

Wakati huo mkono wa Onchari ulikuwa unaoza ndani ya kitambaa. Asali ya Bi Zuhura ilikuwa imeisha nguvu. Mama hakuubadilisha kitambaa, wala sidhani kwamba aliuona mkono wenyewe. Kuna siku alisahau kumlisha, kuna siku alimfungia kwenye zizi la ndama kwa kuwa analia, na kuna siku alimkumbatia kutwa nzima asimwachie hata aende chooni. Sikujua ni ipi kati ya siku hizo iliyokuwa hatari zaidi. Kidole chake cha mwisho kilianza kujikunja kuelekea kiganjani, na cha pili yake kikakifuata.

Nilipoinusa harufu iliyokuwa mbaya kuliko ile aliyoinusa Bi Zuhura dukani, nilimrudisha kwa Bi Zuhura bila kutumwa. Nje ya duka aliketi Nyaboke, mwanamke wa kwetu aliyeuza ndizi mbivu hapo kila siku na aliyekuwa na mdomo usiopumzika. Bi Zuhura alipouona mkono aliweka kiganja mdomoni.

"Hajaja mtu kuwaona? Hata mmoja?"

Nilitikisa kichwa. Kisha nikasema. "Walichukua tata."

"Tata ni nini, mwanangu? Walimchukua baba. Baba keshafungwa, usiogope tena."

"Hapana. Baba yuko nyumbani."

Uso wake ulibadilika. "Katoroka?"

Nyaboke aliangua kicheko kule nje. "Ai, Bi Zuhura! Umetuuzia sukari maisha yako yote na bado hujui? Baba ni mama yake! Mama aliyemzaa! Tata ndiye mzee wa nyumba. Huyu mtoto anakuambia mama yake yuko..."

Kicheko kilikatika hapo. Aliinuka na chane la ndizi mkononi, akamtazama Onchari, akanitazama mimi, akamtazama Bi Zuhura. Hakuna aliyelazimika kueleza zaidi. Bi Zuhura alikaa juu ya gunia la sukari. "Yarabi," alisema. "Nimemfungisha nani?"

Walifanya kila walichoweza, wanawake wale wawili, na nalisema hili kwa heshima. Nyaboke aliacha ndizi zake hapohapo, akatembea hadi kwa magokoro wetu, mama yake tata, upande ambao leo ni Nyamira. Bi Zuhura alirudi kituoni. Baadaye alinisimulia majibu aliyopewa. "Mama, yule mtu amekubali mwenyewe. Mhalifu yuko ndani, watoto wako salama. Unataka nini tena?" Aliwaeleza kuhusu lile neno. Wakacheka. Waliona ni kisa kizuri cha kusimuliana. Hakuna aliyeinuka kitini.

Magokoro alikuja kabla ya jua kutua. Alimchukua Onchari mgongoni hadi hospitali, na huko aliulizwa kwa ukali mtoto amekawishwa kwa nini, yeye ambaye ndiye wa kwanza aliyemleta. Mkono ulipona, lakini vidole viwili vilibaki vimeshikana na kiganja. Onchari akakulia kwa magokoro. Mimi niliachwa nyumbani kwa kuwa Moraa alihitaji wa kumbeba.

Tata alirudi kutoka jela majani yakiwa yamefika magotini kwenye njia. Alichuchumaa, akafungua mikono. Sikumkimbilia. Nilidhani ananidai maelezo.

Kericho hawakumrudisha kazini. Kanisani hakuruhusiwa tena kukusanya sadaka. Aliishi hadi uzee wake akiwa mtu aliyemchoma mwanawe, na watoto wa jirani walifundishwa kupita mbali na ua wetu. Mama alirudi taratibu, bila msaada wa mtu, kama anayepanda kutoka shimoni kwa kucha zake. Mwaka fulani tulimsikia akiimba mstari mmoja chai ikichunwa, na hapana aliyethubutu kumjibu kiitikio. Leo tunajua kwamba mzazi anaweza kuugua vile baada ya kujifungua, na kliniki yoyote ina neno la kuuita ugonjwa huo. Silisemi kumsafisha. Alichokifanya alikifanya, na mkono uliokifanya ulikuwa wake. Ninasema kwamba alikuwa mgonjwa, aliyeachwa peke yake na watoto watatu, na waliomwacha walikuwa wamekwisha kuingia uani kwake.

Nilikuwa tayari nimeajiriwa nilipopata ujasiri wa kumwuliza tata. Tulikuwa tunapogoa michai.

"Tata, kwa nini ulikubali?"

"Sikukubali. Askari aliuliza mtoto ni wa nani, nikasema ni wangu. Aliuliza nyumba ni ya nani, nikasema ni yangu. Akatosheka."

"Ungemwambia ulikuwa Kericho."

"Halafu wamchukue mama yako? Moraa angenyonya nini?"

"Na Onchari?" Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. "Ulimwachia nani Onchari?"

Alipogoa mche mmoja, akahamia wa pili. "Niliwaambia," alisema. "Kituoni, usiku uleule. Niliwaambia, afande, nendeni mkaangalie nyumba yangu, kuna mgonjwa kule na kuna mtoto ameungua. Wakasema, tutaenda." Aliliweka panga chini. "Mimi nikalala nikijua wameenda. Kila jioni kule ndani, Kwamboka, nilikuwa najua wameenda."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kuyasema juu ya jambo hilo. Alikufa akiwa na kosa moja tu la kuwaamini watu, kosa la kudhani kwamba serikali ikishaingia nyumbani kwa mtu hurudi kuangalia ilichokiacha.

Katika utumishi wangu nilikuwa na swali moja ambalo wenzangu walilifanyia mzaha. Mtoto akitamka jina la mzazi, awe wa kwetu au wa kabila lolote, nilimwuliza, "Kwenu, huyo ndiye nani? Ndiye anayenyonyesha mtoto, au ni yule mwingine?" Na nilikuwa na tabia ambayo waliichoka zaidi: nilirudi. Kesi ikishakwenda mahakamani, mtoto akishapata pa kulala, mimi nilirudi kwenye ile nyumba iliyobaki, nikakaa na yule mzazi aliyebaki, nikauliza nani anapika, nani analala, nani hasemi. Nikamtafuta shangazi, jirani, mhudumu wa afya, yeyote wa kushika upande wa pili. Ofisini waliniita Mama Marudio. "Mama Marudio anataka gari tena!" walisema nikitokea mlangoni. "Si kesi hiyo tuliifunga?" Mara nyingine gari halikuwa na mafuta, nami nikatembea. Siwezi kusema kwamba kila nyumba niliyoirudia ilisimama. Naweza kusema kwamba hakuna iliyokaa kando ya barabara ikinisubiri bure.

Sasa nirudi kwenye mazishi.

Mama alizeeka vizuri kuliko tulivyotarajia. Miezi yake ya mwisho Onchari alikuja kila jioni kukaa naye, naye alikuwa na mazoea ya kuuchukua ule mkono, akavishika vidole vilivyojikunja, akajaribu kuvinyoosha kimoja kimoja, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi aone ameficha nini. Havikunyooka. Onchari alimwachia mkono. Hawakulizungumzia.

Walikuja wageni wengi siku ya kuzika, baadhi yao wa mbali wasiojua Ekegusii, wakwe wa Moraa na wakubwa wa kanisa waliofika kwa magari. Niliombwa kutafsiri, kwa kuwa Kiswahili changu kinasifiwa. Nikasimama upande wa kichwa cha jeneza na kipaza sauti changu, nikatafsiri salamu, shukrani na maombi. Ndipo akasimama mzee mmoja kutoka Keumbu, mwenye sauti nzuri, akamsifu marehemu kwa Kiswahili chake mwenyewe. Alisema mama alikuwa mfano wa uvumilivu. Alisema aliolewa na mume katili, aliyemchoma mwanawe mwenyewe kwa moto hadi akafungwa, na bado alimpokea alipotoka jela, akamsamehe. "Amina!" watu waliitika. Kaburi la tata liko hatua chache kutoka pale, na majani yake yalikuwa yamekanyagwa na viti vya waombolezaji waliokuwa wakiitika.

Onchari hakuwamo kwenye ratiba ya wasemaji. Alitoka kwenye viti vya familia, akachukua kipaza sauti kwa ule mkono, akakishika kama anavyoshika kila kitu, kwa vidole vitatu. Ni mkulima, hakusoma sana, na alisema kwa Ekegusii, sentensi moja moja, akinipa nafasi.

Alisema, "Mkono huu mnauona." Nikatafsiri.

Alisema kwamba aliyemfundisha kuchuna chai kwa vidole vitatu ni mzee aliyelala pale chini ya viti vyao. Nikatafsiri. Wale wa karibu waliinuka, wakavisogeza viti.

Alisema kwamba siku alipoungua, mzee huyo alikuwa Kericho. Nikatafsiri, na nikasikia minong'ono ikienda nyuma kama upepo kwenye migomba.

Kisha akasema sentensi iliyoanza na neno baba. Wagusii wote uani walikwisha kuelewa. Wageni walinitazama mimi. Onchari pia alinigeukia, akangoja. Jeneza lilikuwa kati yetu. Niliinusa iliki, kwa maana chai ya wageni ilikuwa inapikwa nyuma ya nyumba, na nilijua kwamba wangenisikia hata kule, na kwamba nilikuwa nimeulizwa swali lilelile mbele ya kaunta ileile.

"Mama," nikasema. Kisha nikarudia tangu mwanzo, polepole, ili kila aliyekuja kwa gari asikie. "Mama alikuwa mgonjwa. Baba aliwaambia askari. Wakasema, tutaenda."